Kodi Imefutwa, Fomu Ipo Palepale
Mhadhara kwa Waafrika Mashariki wa Houston kuhusu kununua kiwambo cha sauti

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni, na asanteni kwa kubaki baada ya chakula.

Tangu mwaka huu wa 2026 uanze, simu yangu haitulii. Kila anayepiga ananiuliza jambo moja: "Kaka, ni kweli viwambo vya sauti vya bunduki, vile vinavyofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio, sasa ni bure?" Wengi wenu mnakwenda porini kuwinda nguruwe mwitu na kulungu, na masikio yanawauma, kwa hiyo swali ni la haki. Nalijibu kwa wote leo. Kilichofutwa ni kodi. Usajili haukufutwa, na fomu haikufutwa.

Kodi yenyewe ilikuwa dola 200. Iliwekwa na Sheria ya Taifa ya Silaha ya mwaka 1934, enzi za Rais Franklin Roosevelt, wakati ambapo kiwambo chenyewe kiliuzwa kwa dola chache tu. Mtu wa kawaida hakuweza kuilipa, na ndilo lililokusudiwa. Kiasi hicho kilikaa hivyohivyo miaka zaidi ya tisini. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ikakishusha hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Yaliyobaki yote ya mwaka 1934 yangali hai. Ukikutwa na kiwambo ambacho hakikusajiliwa kwa jina lako, kifungo chake kinafika miaka 10.

Aliyebuni kifaa hiki ni Hiram Percy Maxim, akapata hataza yake mwaka 1909. Jina la Maxim si geni kwetu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bombomu, bunduki ya kumimina risasi mfululizo, ile iliyowangoja wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905. Baba alitengeneza mlio, mwana akatafuta namna ya kuupunguza. Nasema kuupunguza, kwa sababu bunduki haiwi bubu kama tunavyoona kwenye sinema. Mlio wa risasi unapita desibeli 140, kiwango ambacho hata mara moja kinaweza kuharibu sikio. Kiwambo kinapunguza kama desibeli 20 hadi 35. Mimi sikio langu la kushoto linavuma usiku kucha. Ndiyo maana nilinunua.

Texas inaruhusu. Yapo majimbo manane yasiyoruhusu raia wa kawaida kumiliki: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Ukihamia huko, kiwambo hakihami nawe. Na kukipeleka nyumbani Afrika bila kibali cha serikali ya Marekani cha kusafirisha silaha nje ni kosa kubwa. Kusiwe na mtu wa kukifunga kwenye begi la nguo.

Sasa tuje kwenye karatasi. Unakwenda kwa muuza silaha wa jimbo lako mwenye leseni ya kuuza vifaa vya aina hii, ukiwa umetimiza miaka 21. Unalipia, lakini huondoki nacho. Kinabaki dukani kwake mpaka ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, iidhinishe Fomu 4, ambayo ni ombi la kukihamisha kutoka kwake kuja kwako. Siku hizi fomu inapelekwa mtandaoni. Inataka picha yako ya inchi 2 kwa 2 iliyopigwa ndani ya mwaka mmoja, na alama za vidole vyote kumi. Nakala moja inakwenda kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako. Zamani ilibidi atie saini, na wengine walikataa tu. Tangu Julai 2016 anaarifiwa, haombwi ruhusa.

Hayo ni mepesi. Yanayotukwamisha sisi ni mawili, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

La kwanza ni jina. Sisi tunajiita jina langu, jina la baba, jina la babu. Marekani inataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Tulipoingia nchi hii, kila ofisa alitupanga alivyoelewa, ndiyo maana kuna mtu hapa ambaye leseni yake ya udereva inamwita kwa jina la baba na grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, inamwita kwa jina la babu. Yamenikuta mwenyewe. Aliyenichukua alama za vidole aliandika jina la babu katikati na la baba mwisho. Fomu yangu ilisema kinyume, ombi likarudi. Nikaanza upya, vidole upya, kungoja upya. Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, weka leseni na grinikadi mezani pamoja. Kama hazilingani, tengeneza kwanza. Kisha kabla hujaondoka palipochukuliwa alama za vidole, soma kilichoandikwa, herufi kwa herufi. Anwani iwe ya nyumba unayolala. Sanduku la posta halikubaliki.

La pili ni uraia, na hili ndilo linaloninyima usingizi kwa ajili yenu. Fomu inauliza kama wewe ni raia wa Marekani. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kumiliki, lakini yeye si raia bado. Aandike nchi yake na namba yake ya uhamiaji. Nimemwona kijana akitaka kuweka alama penye uraia kwa sababu "nimeshaomba, karibu naapishwa". Nilimshika mkono. Kudai uraia usio nao ni sababu ya kufukuzwa nchini, na karibu hakuna msamaha wake. Hata hukumu ya kumiliki silaha kinyume cha sheria inaweza kumrudisha kwao mwenye grinikadi aliyekaa hapa miaka ishirini. Wenye viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi, kwa kawaida hawaruhusiwi. Upo mwanya kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiupite bila mwanasheria wa uhamiaji kando yako. Asiye na karatasi asiguse kabisa.

Utaulizwa pia kuhusu bangi. Jimbo linaweza kuiruhusu, ila sheria ya shirikisho inakatazia mtumiaji kumiliki silaha. Na onyo hilo limechapwa kwenye Fomu 4473, ile utakayojaza siku ya kuchukua kiwambo.

Mama mmoja ameniuliza kama anaweza kutumia kiwambo cha mumewe. Kiwambo kikisajiliwa kwa jina la mtu mmoja, hakiazimwi, hata kwa mke, mwenyewe akiwa hayupo. Wanaotaka kukitumia kwa pamoja huunda trasti, yaani chombo cha kisheria cha kumiliki mali kwa pamoja, na kila mwenye mamlaka ndani yake anatoa picha na alama zake za vidole. Mwenyewe akifariki, mrithi halali anajaza Fomu 5.

Zamani tulingoja miezi mingi, wengine mwaka. Kwa mtandao siku hizi majibu huweza kuja baada ya siku au wiki chache. Kikija kibali, hifadhi nakala yake mfukoni na nyingine nyumbani, kwa sababu ofisa wa ATF ana haki ya kukuomba uioneshe.

Waliokuja na fomu zao, njooni hapa mezani na leseni na grinikadi mkononi. Tutaanza na jina.