Mji Usio na Mlima: Siku Kumi za Mwanzo Berlin

Mhadhara kwa wanafunzi wanaokwenda kusoma Ujerumani, uliotolewa Moshi

Vijana, na wazazi mliowasindikiza, karibuni.

Hapa Moshi mtu hapotei kabisa. Ukiuliza njia unaambiwa panda au shuka: juu ni Kibosho, chini ni TPC kwenye mashamba ya miwa, na hata mlima ukijifunika mawingu, miguu yenyewe inaujua mteremko. Berlin ni tambarare. Majumba ya ghorofa tano yanafanana mtaa hadi mtaa, na ukitoka kituo cha treni kwa mlango usio wako, unashika njia kinyume bila kujua. Viza na barua za udahili mnazo tayari, kwa hiyo sitazigusa. Nataka tuzungumzie namna ya kuushika mji kichwani kabla masomo hayajawabana, kwa sababu mwanafunzi anayeijua njia ya kurudi nyumbani bila simu ana utulivu ambao mwenzake hana.

Tuanze na jua. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri mwezi Juni liko upande wa kaskazini, na Desemba liko kusini. Berlin iko nyuzi 52 na ushei kaskazini. Kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na kivuli chako kinalala kuelekea kaskazini. Lakini Oktoba halipandi: linabaki chini kama jua letu la saa mbili na nusu asubuhi, na katikati ya Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Matembezi ya kujifunza mji yafanyeni mapema mchana.

Siku ya kwanza usiende mbali. Andika anwani yako kwenye karatasi, itie mfukoni, kwa maana baridi hula chaji ya simu. Toka mlangoni, zunguka jengo lenu na mtaa wake kwa kukata kulia mara nne, rudi mlangoni. Kesho yake panua mzunguko mara mbili. Siku ya tatu nenda kituo cha treni kilicho karibu na usome vibao vya kutokea. Kituo kimoja kinaweza kuwa na milango minne, kila mmoja una jina la barabara juu yake baada ya neno Ausgang. Mlango wako ukariri kama unavyokariri jina la kituo chenyewe. Wengi wanaopotea Berlin hupotelea mita mia tatu tu kutoka kwao, kwa kutoka mlango wa upande wa pili.

Namba za nyumba ndizo zinazowachosha wageni kuliko kitu kingine. Mtu anadhani namba shufwa ziko upande mmoja na witiri upande wa pili. Mitaa mingine iko hivyo, lakini mitaa mingi ya zamani ya Berlin inahesabiwa kwa mtindo wa kiatu cha farasi: namba zinapanda moja, mbili, tatu upande mmoja hadi mwisho wa barabara, kisha zinavuka na kurudi upande wa pili. Barabara ya Friedrichstraße ina zaidi ya kilomita 3, na kusini yake namba za arobaini na kitu zinatazamana na za mia mbili na kitu. Usipojua hilo utatembea nusu saa bure. Dawa yake iko kwenye kona: kibao cha jina la barabara kina namba ndogo zinazoonyesha nyumba zilizomo kati ya kona hiyo na inayofuata. Kisome kabla hujakata.

Ukifika, kazi haijaisha. Namba moja inaweza kubeba jengo la mbele, jengo la nyuma ya ua na ubavu wa pembeni. Milango ya vyumba kwa kawaida haina namba. Kengele ina jina la ukoo. Kwa hiyo siku hiyohiyo unayopokea funguo, hakikisha jina lako limebandikwa kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Benki hutuma kadi katika barua moja na namba ya siri katika nyingine. Mleta barua asipoona jina lako, zote zinarudi zilikotoka, na wewe unakaa wiki kadhaa ukidhani benki imekusahau.

Barabarani tuwe makini sana. Sisi magari yetu hupita kushoto, jicho limezoea kutazama kulia kwanza. Kule hupita kulia, na gari la kwanza kukufikia linatoka kushoto. Mazoea haya hayafi kwa siku moja, kwa hiyo simama, geuza kichwa pande zote mbili. Ule ukanda wa matofali mekundu juu ya njia ya miguu ni wa baiskeli, nazo huja kwa kasi.

Sasa treni. Hakuna konda wa kuita vituo. Kama kifodi kinavyoandikwa mwisho wa safari, treni ya U-Bahn, yaani ya chini ya ardhi, nayo hutajwa kwa kituo chake cha mwisho: njia ya U6 ni ya kwenda Alt-Tegel au Alt-Mariendorf, na ni lazima ujue unaelekea wapi kati ya hivyo viwili. Milango ya treni nyingi haijifungui, bonyeza kitufe. Mgeni husimama akisubiri, treni ikaondoka mbele ya macho yake. Kituoni hakuna geti la kukuzuia, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Tiketi ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kisanduku kilicho kituoni kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, faini ni yuro 60, na kusema hukujua hakukusaidii. Nauli hufuata maeneo matatu, A, B na C. Uwanja wa ndege uko eneo C, kwa hiyo tiketi ya AB haitoshi siku ya kufika. Tiketi ya muhula nayo haifanyi kazi kabla ya muhula kuanza, na muhula wa baridi huanza Oktoba 1. Ukifika Septemba, tenga nauli.

Siku ya nne au ya tano nunua tiketi ya saa 24, kisha panda treni ya S41. Hiyo huzunguka sehemu ya ndani ya mji kufuata mwendo wa saa, kwa dakika 60 hivi. S42 huzunguka kinyume. Kaa dirishani na karatasi, andika kila kituo unachobadilishia treni. Mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 368 uko katikati, Alexanderplatz. Ukionekana, ushike kama mnavyokishika kilele cha Kibo hapa.

Ndani ya wiki mbili za kuhamia ni lazima ujiandikishe makazi kwenye ofisi iitwayo Bürgeramt, ukiwa na pasipoti, fomu na hati aliyoisaini mwenye nyumba. Ofisi yoyote ya Berlin inakubalika. Tafuta miadi mtandaoni kabla hujasafiri, maana nafasi hugombaniwa. Na saa, jamani. Mjerumani akikwambia "halb drei", hiyo ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu yetu. Anayesikia "drei" na "nusu" akaenda saa tisa na nusu amechelewa saa nzima, na miadi imekwenda.

Jumapili maduka karibu yote hufungwa, nunueni chakula Jumamosi. Jumapili yenyewe pandeni U6 mshuke Afrikanische Straße. Mtaa ule una Tangastraße, Usambarastraße na Sansibarstraße, majina ya kikoloni yaliyobaki. Barabara ya Petersallee, iliyopewa mwanzoni jina la mkoloni Carl Peters, ilibadilishwa jina Agosti 2024, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani hapa Old Moshi Machi 1900, na jamaa zake bado wanalitafuta fuvu lake, linalosemekana lilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro. Mtaa huo utembeeni polepole, mkisoma kila kibao cha kona.

Karibuni maswali.