Magunia Mawili ya Mjomba

MWANAISHA: Karibuni barazani. Feni imegoma, dirisha tumeliacha wazi, kwa hiyo mkisikia tuktuk mtusamehe, hapa ni Majengo, Mombasa. Athumani, ulikuwa Kwale juzi.

ATHUMANI: Nilikwenda Shimba Hills kumjulia hali mjomba. Nikamkuta anayatazama magunia mawili ya mbolea ya ruzuku ya serikali kama mtu aliyeletewa mahari pungufu.

MWANAISHA: (anacheka) Mawili tu?

ATHUMANI: Mawili. Alisajiliwa, akatumiwa ujumbe wa simu wenye namba yake, akaenda ghalani. Siku ya kwanza mtandao umelala. Ya pili mbolea imekwisha. Ya tatu akapata, na nauli na bodaboda zishaila ile nafuu. Lakini kinachomuuma hasa ni jirani asiye na hata shina la muhogo, aliyepita na pikapu imejaa magunia yale yale.

MWANAISHA: Akauliza?

ATHUMANI: Aliuliza. Akaambiwa ana hasadi.

MWANAISHA: Ala! Tuwakumbushe wasikilizaji: Septemba 2022 serikali iliteremsha gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na Agosti 2023 likafika 2,500. Tofauti hiyo inalipwa na kodi, yako wewe na ya huyo mama wa viazi karai pale nje. Pesa zetu, halafu nani kapata mangapi twajua kwa umbeya.

ATHUMANI: Na mbolea yenyewe twaiona ikishuka bandarini Kilindini!

MWANAISHA: Twaiona. Ikishavuka Mazeras, kwaheri.

ATHUMANI: Marekani kuna shirika, Environmental Working Group, liliomba rekodi za ruzuku za wakulima serikalini, likazimwaga kwenye intaneti, majina na dola, kuanzia za mwaka 1995. Watu wakaona wachache wakubwa ndio wanaochota fungu nono. Hata Scottie Pippen, yule mcheza mpira wa kikapu, alikuwamo.

MWANAISHA: Wa Chicago Bulls? Alikuwa akilima nini, vikapu?

ATHUMANI: Alikuwa na ardhi Arkansas, na malipo yalikuwa halali kabisa. Hapo ndipo orodha inaponoga. Hata la halali unapata kuliuliza: sheria hii mliitunga kwa ajili ya nani?

MWANAISHA: Nikupinge kidogo. Mkulima mdogo akianikwa jina na alichopata, kesho wakopaji wako mlangoni. Kule Ujerumani wakulima walikwenda kortini kwa jambo hilo, na Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kumwanika kila mtu binafsi bila kubagua ni kupita kiasi. Baadaye sheria ikaandikwa upya: majina yanatangazwa, ila wanaopata kidogo sana wanasitiriwa.

ATHUMANI: Magunia mawili ya mjomba yasitiriwe, sawa. Pikapu nzima je?

MWANAISHA: Hiyo ibandikwe kwa chifu, ukutani, kwa kalamu nene! Wala hatuhitaji sheria mpya. Ipo ya mwaka 2016 ya kupata habari, imejengwa juu ya kifungu cha 35 cha Katiba. Unaandika barua kwa Kiswahili chako hiki hiki, hulazimiki kueleza wazitakia nini, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Asiyejua kuandika anasema, afisa anamwandikia. Wakikunyima, unakwenda kwa Ombudsman, ile tume ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

ATHUMANI: Ndiyo niliyomwambia mjomba. Tukaandika pale pale: magunia mangapi yalifika ghalani msimu huu, waligawiwa watu wangapi, na waliopata zaidi ya kumi ni akina nani.

MWANAISHA: Akatia sahihi?

ATHUMANI: Akaisoma mara mbili, akanirudishia kalamu. "Weka jina lako wewe, mwanangu. Wewe unakaa Mombasa."

MWANAISHA: Na ukaliweka?

ATHUMANI: Nimeipeleka Jumatatu. Nahesabu siku.