Kesi Hufia Njiani: Mhadhara kwa Wasaidizi wa Kisheria

Ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, maafisa ustawi wa jamii, na nyinyi polisi wa Dawati la Jinsia mliokuja kiraia mkidhani hatutawajua: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Kila ninapoalikwa kuzungumzia ukatili wa kijinsia, lazima atasimama mtu aulize: kwa nini hawa watu wasinyongwe? Wengine wanasema wahasiwe kabisa. Nami huwa nawauliza, tulichonacho mmekisoma? Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka, kifungo hakipungui miaka 30. Akimbaka mtoto wa chini ya miaka 10, ni maisha. Sasa hapo mnataka ukali gani tena? Shida yetu ni kwamba wengi hawafiki kwenye hukumu. Kesi inafia njiani.

Nyingine inafia sebuleni. Wazee wanakaa, mjumbe anaitwa, upande wa kijana unaleta mbuzi na bahasha, mama wa mtoto anaambiwa "tuyamalize kifamilia, usituaibishe." Siku ya kesi shahidi hayupo, amepelekwa kwa shangazi yake mkoa wa pili. Hakimu anaahirisha, anaahirisha tena, mwisho anaifuta. Ubakaji ni jinai, na mlalamikaji ni Jamhuri. Baba hana mamlaka ya kumsamehe mtu kwa niaba ya Jamhuri, hata akipewa zizi zima.

Zinazovuka sebule zinakutana na ushahidi. Kuna bibi mmoja alikuja ofisini kwetu na nguo ya ndani ya mjukuu wake ndani ya mfuko wa nailoni, ameufunga mafundo mawili. Alikuwa hajaifua, na kwa hilo ana akili kuliko wengi wetu. Lakini mfuko ulikuwa umetoa jasho, nguo imeshaanza ukungu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nguo kama ile inawekwa kwenye karatasi: bahasha ya kaki, hata gazeti. Mtaani kwake kumepita semina ngapi? Wote tunafundisha "vunja ukimya." Nani anafundisha bahasha?

Na muda. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ukimzungusha manusura kituoni kutafuta PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, huku saa zinakwenda, umemuumiza mara ya pili. Ndiyo maana vituo vya Mkono kwa Mkono vina maana kubwa: daktari, polisi na ustawi wapo mahali pamoja, naye anaeleza mkasa wake mara moja tu.

Tufike mahakamani, maana huku ndiko tunakopoteza kesi tulizokuwa tumeshashinda. PF3 inapokelewa kama kielelezo, halafu hakuna anayeisoma kwa sauti. Mshtakiwa haambiwi kwamba ana haki daktari aitwe amhoji. Miaka inapita, rufaa inasikilizwa, karatasi ile inaondolewa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kuwepo. Msikate tamaa hapo: tangu shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani inasema ushahidi wa kweli wa kubakwa ni wa aliyebakwa mwenyewe. Kesi inaweza kusimama bila PF3.

Lakini je, kama aliyebakwa ana miaka tisa? Marekebisho ya mwaka 2016 kwenye kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi yanamruhusu mtoto mdogo atoe ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni sentensi moja tu. Hakimu akisahau kuiandika, au akaandika "mtoto ana akili timamu, anaelewa" akaishia hapo, mrufani ana hoja mkononi. Kuna hukumu za karibuni zilizolegeza kamba kidogo, ila mimi nisingemweka mtoto wa mtu rehani kwa matumaini hayo.

Basi mageuzi ya sheria tuyadai wapi? Mimi naanza na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenza wake. Kizuri, ila hakitaji adhabu yoyote. Kifungu cha 13 kinaruhusu binti wa miaka 15 aolewe. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipinga Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Bunge lilipewa mwaka mmoja wa kurekebisha, na mwaka ule ukapita hivi hivi.

Oanisheni hicho na Kanuni ya Adhabu. Kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata akikubali, isipokuwa ni mkeo, ametimiza 15 na hamjatengana. Halafu tazameni Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016: ukimuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, miaka 30. Kwa hiyo mabinti wawili wa miaka 16, nyumba jirani. Mwenye sare, anayemuoa anafungwa. Aliyekosa nauli akaacha shule, anayemuoa anapigiwa vigelegele. Na aliyeacha shule ndiye aliyehitaji kulindwa zaidi!

Mke mtu mzima naye, akilazimishwa na mumewe anayeishi naye, sheria haiiti kubaka. Nimesikia wabunge na masheikh na wachungaji wakisema tukigusa hapo tutavunja ndoa. Ndoa hiyo imeshavunjwa na anayelazimisha.

Muda umekwisha, chai inapoa. Tukirudi kila meza itapewa mwenendo wa kesi, majina yamefutwa. Tafuteni mahali ilipofia, na mwandike ni nani kati yetu aliyekuwa zamu.