"Howay!" ni Neno la Aina Gani? Vihisishi vya Mitaani katika Sarufi ya Kiingereza

Walimu wangu, wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nianzie uwanja wa mpira. Vijana wa Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, wakiingia uwanjani, mashabiki hupaza sauti: "Howay the lads!" Vuka hadi Sunderland, mji jirani, utasikia "Ha'way!" Irabu moja tu imebadilika, na kwa irabu hiyo wenyewe wanajuana nani katoka wapi. Nyumbani nako, mama anayemharakisha mtoto atasema "howay". Rafiki akiletewa habari asiyoiamini atasema "howay, man", hata kama anayeambiwa ni mwanamke.

Ukiuliza hilo ni neno la aina gani, utajibiwa upesi: "Ni misimu." Lakini hapo hujajibiwa. Ukisema misimu umenieleza nani husema na mbele ya nani. Ukisema lahaja umenieleza linasemwa wapi. Kazi yake katika usemi bado hujaigusa. Darasani tunayachanganya maswali haya, halafu neno la mtaani tunalifukuza kwenye sarufi kana kwamba halina kanuni. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kanuni zipo.

Mimi nashuku ni kihisishi, yaani neno la kutolea hisia kama "lo!" Wagiriki wa kale waliviweka vihisishi ndani ya vielezi; Warumi ndio waliovitenga. Mwaka 1992 Felix Ameka, mwanaisimu wa Ghana, alivipanga vizuri zaidi. Kihisishi husimama peke yake kama usemi kamili, na kwa kawaida hakipokei viambishi. Vipo vya asili, kama "ouch" na "wow", ambavyo havina kazi nyingine. Vipo vya kuazima, kama "damn" na "heavens", vilivyotoka katika vitenzi na nomino.

Haya, tupime. "Howay" husimama peke yake. Ina sura ya kitenzi cha kuamrisha, ila haina wakati uliopita: hakuna asemaye "howayed". Kinachonisumbua ni lile "the lads" linalofuata. Je, ni yambwa? Mimi nalisoma kama mwito, sawa na sisi tunaposema "Haya, vijana!" Basi ni kihisishi.

"Lah" ya Singapore, iliyoingizwa katika kamusi kuu ya Oxford mwaka 2000, watu huiorodhesha kwenye vihisishi pia. Lakini mtu hasemi "Lah!" akanyamaza. Husema "Can lah" ("inawezekana"), ikining'inia mwishoni kupaka usemi rangi, kama "bwana" katika "Njoo bwana" pale ambapo humwiti mtu yeyote. Hiyo mimi naitoa kwenye vihisishi. "Aiyoh" ya huko huko, ya kusikitika au kushangaa, inabaki, maana husimama yenyewe.

"Eh" ya Kanada inataka uangalifu. Ukisema "Eh?" kwa kuwa hukusikia, ni kihisishi. Ukiiweka mwishoni, "Nice day, eh?", inafanya kazi ya "sivyo?" yetu. Neno moja, mafungu mawili, na kinachoamua ni matumizi.

Na sisi tunalo letu: "aisee". Kwa Waingereza lilikuwa "I say", kiima na kitenzi, wakalitumia kushangaa. Kwa mpango wa Ameka, huko kwao ni la kuazima. Lilipotufikia likagandamana kuwa neno moja la asili. Mtoto wa Dar es Salaam akishtuka akasema "aisee!", humo ndani hasikii kiima wala kitenzi.