Mji wa Mawe Uliobebwa na Miti

Assalaam aleikum wazee wangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari.

Nianze na Maruhubi, maana pale mambo yako wazi. Kasri ile Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliwajengea masuria wake kaskazini ya mji wetu, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wanaotembeza wageni hupenda kuwahesabu: tisini na tisa, hapungui hata mmoja! Mimi siwahesabu, nataka mtazame nguzo. Zile nguzo nene zilibeba ghorofa ya mbao na roshani zake. Mwaka 1899 moto ukaingia, mbao zikateketea, nguzo zikabaki zimebeba hewa. Hamamu ya mawe ikanusurika, ila marumaru zake wezi hawakuziacha.

Sasa turudi Mji Mkongwe. Twasema ni mji wa mawe. Mawe yapo, ya matumbawe, yamekamatwa kwa chokaa. Lakini sakafu ya juu nani kaibeba? Boriti za mikoko. Ingia nyumba yoyote ya zamani upime chumba: urefu watakavyo wenyewe, upana kiasi cha mita 3, kwani boriti haivuki zaidi ya hapo. Tajiri na mali zake zote, ukumbi wake kapimiwa na mkoko!

Maruhubi ilikwenda na moto. Hizi zetu zinakwenda na maji, taratibu. Paa linavuja, mwenye nyumba yuko Maskati, mpangaji anasema si kazi yake. Maji yanateremka ukutani mpaka kwenye ncha ya boriti, pale ilipochomekwa, na pale hapaonekani. Inaoza humo humo, mchwa wanamalizia, na dari ukiitazama nyeupe safi. Kisha anaitwa fundi, anapiga lipu ya saruji, na watu wanamshukuru. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Kaufungia unyevu ndani pamoja na boriti yake.

Na chuma nacho kisitudanganye. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Barghash la 1883 hapa Mji Mkongwe, lina nguzo za chuma, na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 haikuliangusha. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini humo humo, upande mmoja wa jumba uliporomoka na watu wawili wakafariki.

Haya, tunyanyuke. Wenye magoti mazuri twende juu tukalitazame paa la nyumba hii. Wengine bakini hapa na funguo zenu, mgonge kila boriti pale inapoingia ukutani. Itakayolia kama mtungi mtupu, itieni alama ya chaki.