Kuzima Si Kuzima: Mazungumzo na Wenye Steshenari wa Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo?

Nianze na tabia niliyoikuta kila steshenari, kuanzia Majengo hadi Double Road. Kompyuta ikianza kujivuta, mtu anabofya kulia kwenye skrini tupu, anachagua Refresh. Mara kumi, mara ishirini, kama anapiga pampu ya kisima. Jamani, kazi yake pale ni kuchora upya zile ikoni tu. Haiongezi kasi hata chembe. Anayeburudika nayo aendelee, haiumizi mtu.

Linaloumiza ni hili. Mama mmoja aliniita, printa yake imegoma. "Fundi, wiki nzima naizima kompyuta jioni, naiwasha asubuhi, bado." Sikubishana. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager, nikaingia Performance, nikamwonyesha palipoandikwa Up time: 19:04:12:33. Yaani siku 19 na saa 4 haijazimika. Akanikazia macho kama nimemwita mwongo. Wala hakudanganya! Yeye alizima kweli. Kompyuta ndiyo haikuzimika.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpangilio uitwao Fast Startup, na mashine nyingi huja nao ukiwa umeshawashwa. Ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) kinahifadhiwa kwenye diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys. Asubuhi kinasomwa vilevile kilivyolala. Mliolelewa na jiko la kuni mnajua kufukia makaa kwa majivu usiku: alfajiri unafukua, unapuliza, moto huo. Ila kama jana kulikuwa na kijinga kinachofuka moshi, leo kitafuka tena. Restart ndiyo inayozoa majivu yote na kuwasha upya. Wengi tunadhani Shut down ni nzito kuliko Restart. Hapa ni kinyume.

Basi, Restart moja tu, printa ikaanza kutema mitihani ya darasa la nne, kila ukurasa mara tatu, maana mama alikuwa amebofya mara tatu kwa hasira.

Siusemi vibaya mpangilio wenyewe. Kwa diski za zamani zinazozunguka unaokoa muda. Ukitaka kuzima kikweli, shikilia Shift huku ukibofya Shut down. Mwenye Linux pembeni, yaani mfumo mwingine kwenye mashine ileile, auondoe kabisa, asije akakuta Linux inagoma kuandika kwenye sehemu ya Windows.

Mpangilio ambao sijausamehe ni ule wa kuficha mikia ya majina ya faili. Upo tangu Windows 95! Mteja analeta flashi, unaona ankara.pdf, kumbe ni ankara.pdf.exe, yaani programu, si hati. Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU, vilivyoanzia Ufilipino, vilipita mlango huohuo: kiambatisho kilionekana ni maandishi ya .txt, mkia wake halisi ukiwa .vbs, yaani programu. Kwenye dirisha la mafaili nendeni View, mtafute File name extensions, muweke tiki. Na ukifuta faili kwenye flashi ya mteja, usilitafute Recycle Bin. Haliendi huko.

Haya, wenye laptopu: Ctrl, Shift, Esc. Wewe kijana wa nyuma, tusomee.

Siku 41?

Hifadhi kazi yako kwanza, halafu Restart. Tunakusubiri.