Mtafuteni Mjane Kwanza

Ndugu zangu, wengi wenu mmeoa au kuolewa hapa Marekani, na watoto wenu wana mababu wa upande wa pili ambao hamjawahi kuwachunguza. Ndiyo maana narudia yale yale. Binti yako akitaka kuingia Daughters of the American Revolution, chama kilichoundwa mwaka 1890 kwa wanawake waliotokana na watu waliosaidia vita vya uhuru wa Marekani, asianze na shujaa! Kila mara naletewa jina la askari wa 1776, la ukoo linafanana, na mtu keshajiita kitukuu. Majina kufanana si nasaba. Utaulizwa wewe ni mtoto wa nani, na huyo ni mtoto wa nani, karatasi kwa karatasi, bila kuruka kizazi hata kimoja.

Hapa sasa nitakaa kidogo, nivumilieni. Askari mwenyewe mara nyingi hatakusaidia. Ofisi ya Wizara ya Vita iliungua Novemba 1800, kumbukumbu nyingi za utumishi zikateketea. Lakini mkewe! Sheria ya 1836 iliwapa pensheni wajane walioolewa kabla utumishi wa mume haujaisha. Ya 1838 ikawaongeza walioolewa kabla ya 1794. Ya 1853 ikaondoa kikomo cha tarehe ya ndoa. Bibi kizee asiye na cheti atathibitisha vipi kwamba aliolewa? Wengine walichana ukurasa wa Biblia ya nyumbani ulioandikwa ndoa na vizazi, wakautuma Washington. Kurasa hizo zimo kwenye mafaili ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mpaka leo: majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na pengine mwandiko unabadilika katikati, mtu mwingine kashika kalamu. Jirani anaapa mbele ya hakimu kwamba harusi aliihudhuria. Faili la mume litakupa jina la kapteni wake. La mjane linakupa familia. Mtafuteni mjane!

Kuna atakayeniuliza: ya nini kubisha hodi kwa watu waliomfungia mlango Marian Anderson, yule mwimbaji mweusi? Ni kweli, mwaka 1939 walimnyima ukumbi wao kwa sababu ya rangi yake. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajitoa uanachama, na Anderson akaimba kwenye ngazi za mnara wa Lincoln mbele ya watu wapatao 75,000. Sitaki msahau hata chembe. Lakini watu weusi walipigana vita vile, na tukiwaachia wengine orodha hiyo tunakubali kwamba hawakuwepo. Karen Batchelor wa Detroit, mwanamke mweusi wa kwanza anayejulikana kukubaliwa, aliingia 1977 kwa nyaraka zilizomfikisha kwa William Hood, babu yake wa kale, mzungu wa Pennsylvania. Na mwaka 2008 chama chenyewe kilichapisha majina zaidi ya 6,600 ya watu weusi na Wahindi Wekundu waliochangia uhuru huo. Majina yapo. Kinachokosekana ni wajukuu wa kuyadai.

Kwa waliotokana na watumwa, ukuta ni sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Hapo pia nasema mjane, safari hii wa mmiliki: mmiliki akifa, mirathi hugawanywa, na kwenye orodha ya mali mtumwa huandikwa jina lake na bei yake. Inauma kuisoma. Isomeni, maana pengine ndipo pekee mama na mwanawe wametajwa pamoja.

Vinasaba sitavimaliza, naonyeshwa saa. Kipimo cha DNA cha mstari wa kiume chama hukipokea pamoja na nyaraka, hakisimami peke yake. Msinunue kabla hamjapata vyeti vya vizazi vitatu vya karibu. Mwenye karatasi za kwao aje mbele tuzisome.